Daftari na Mali: Namna Wakaguzi wa Hesabu Wanavyohakikisha Mali ya Bohari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa kunena juu ya kazi ya wakaguzi wa hesabu, nami nimechagua sehemu moja tu, ile inayowagusa watunza bohari na makarani zaidi ya nyingine zote: siku ile mkaguzi anapofika mlangoni na kalamu yake, akasema, "Nataka kuwaona mkihesabu mali." Najua, kama mnavyojua ninyi, kwamba siku hiyo haipendwi. Mtunza bohari aliyekaa kazini miaka kumi hujiona ameitwa mwivi mbele ya vibarua wake. Nataka kuwaonyesheni kwamba sivyo, na kwamba kanuni ya kuhesabu mali mbele ya mkaguzi ilitungwa kwa sababu ya wakubwa walioandika hati za uongo, wala haikuanzia kwa mtunza bohari.

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni kweli, nalo limekuwa kama katiba ya kazi yetu sisi makarani. Lakini kuna jambo la pili ambalo ulimwengu ulijifunza kwa hasara: daftari bila mali laweza kudumu miaka mingi, tena likaonekana zuri. Mali ikipotea, daftari litasema. Bali daftari likisema uongo, mali haiwezi kulikanusha, maana haipo. Hapo hapana dawa ila mtu aende akatazame kwa macho yake.

Zamani mkaguzi hakwenda. Katika Uingereza palikuwa na kampuni ya kusokota pamba iliyoitwa Kingston Cotton Mill. Meneja wake alizidisha katika hati, mwaka baada ya mwaka, kiasi na thamani ya pamba na nyuzi zilizokuwamo kiwandani, hata kampuni ikaonekana kuwa ina faida, na wenye hisa wakagawiwa fedha za faida ambayo haikuwapo. Wakaguzi hawakuingia ghalani. Walipokea hati yenye sahihi ya meneja, wakaiamini. Mambo yalipofichuka walishtakiwa, na Mahakama ya Rufani katika mwaka wa 1896 ikawaachilia. Jaji Lopes alitoa mfano ambao wakaguzi wanaukumbuka hata leo, kwamba mkaguzi ni kama mbwa wa ulinzi, wala si mbwa wa kuwinda kwa kunusa nyayo. Hakuwajibika kuhesabu mali yeye mwenyewe, naye alikuwa na haki ya kumwamini mtumishi ambaye kampuni yenyewe ilimwamini.

Mimi sina elimu ya sheria wala sibishani na majaji. Lakini katika shauri hilo lilitajwa jambo ambalo kila karani aweza kulifahamu. Chukua mali iliyokuwapo mwanzo wa mwaka, ongeza iliyonunuliwa, toa iliyouzwa au kutumika. Itakayobaki ndiyo inayopasa kuwamo ghalani. Kama wakaguzi wale wangaliifanya hesabu hii, ya kujumlisha na kutoa tu, wangaliona kwamba kiasi kilichoandikwa na meneja kilikuwa cha ajabu chenye kutaka maelezo. Hesabu hii yafanywa mezani bila kuinuka kitini. Haithibitishi kwamba mali ipo, lakini mara nyingi huonyesha kwamba haiwezi kuwapo.

Ikapita miaka 42, ndipo likatokea Marekani jambo lililobadili kazi ya ukaguzi. Kampuni ya kuuza madawa iliyoitwa McKesson & Robbins ilikuwa ya zamani na yenye sifa. Mtu mmoja, Philip Musica, ambaye alikwisha kutiwa hatiani kwa kuwahonga watu wa forodha, alijibadilisha jina akajiita F. Donald Coster, akainunua mwaka wa 1926, akawa mkuu wake. Ndugu zake watatu nao walitwaa majina mengine. Wawili wakapewa kazi humo humo katika kampuni. Wa tatu akaendesha nje ofisi iliyojifanya kuwa wakala wa biashara. Katika idara ya madawa ghafi wakaanza kununua na kuuza vitu ambavyo havikuwako. Ziliandikwa hati za kununua kwa wafanya biashara watano wa Kanada. Ikaandikwa kwamba mali imebaki katika maghala ya wauzaji hao, ikiwekwa kwa niaba ya kampuni. Kisha zikaandikwa hati za kuuza mali hiyo kwa watu wa nchi za mbali. Kila karatasi ilikuwa na mwenzake. Ankara ililingana na barua, barua na stakabadhi, stakabadhi na daftari.

Wakaguzi walikuwa watu wa Price Waterhouse, ofisi yenye jina kubwa. Walizisoma karatasi zote, wakaziona ni sawa, kwa kuwa kweli zilikuwa sawa. Desturi ya siku zile haikuwataka waende kuitazama mali, nao hawakwenda. Laiti mmoja wao angalipanda treni kwenda Kanada!

Aliyefichua si mkaguzi. Alikuwa mtu wa ofisini kama sisi, mweka hazina wa kampuni hiyo, jina lake Julian Thompson. Aliona mambo mawili. Kwanza, idara ile ya madawa ghafi, ijapokuwa ilisemwa ina faida nono, haikuleta fedha taslimu hata siku moja. Faida yake yote ilirudishwa kununulia mali nyingine. Pili, mali ya mamilioni ya dola ilikuwa imekatiwa bima ndogo sana. Akajiuliza, ni mwenye mali gani asiyeogopa moto? Akaanza kupeleleza, na mwezi wa Desemba 1938 uongo wote ukawa wazi. Alama za vidole zikaonyesha kwamba Coster ndiye Musica. Tarehe 16 ya mwezi huo, walipokuwa wakija kumkamata nyumbani kwake, alijipiga risasi akafa. Katika mali ya kampuni, iliyoandikwa kuwa dola milioni 87 mwishoni mwa mwaka 1937, yapata milioni 19 ilikuwa hewa tupu: milioni 10 bidhaa za ghalani, na milioni 9 madeni ya wateja ambao hawakuwapo.

Mwaka uliofuata, yaani 1939, chama cha wahasibu cha Marekani kilipitisha kanuni mpya mbili: mkaguzi awepo wakati wa kuhesabu mali, na awaandikie wadeni wenyewe kuwauliza wanadaiwa kiasi gani. Leo jambo hili limeandikwa katika Kiwango cha Kimataifa cha Ukaguzi nambari 501, ambacho hufuatwa pia na wakaguzi wa Kenya na Tanzania. Kinasema kwamba mali ya ghalani ikiwa ni kubwa kiasi cha kuathiri hesabu, mkaguzi hana budi kuhudhuria, isipokuwa haiwezekani. Tena kinaeleza kwamba taabu, gharama na uhaba wa nafasi si udhuru. Basi mkaguzi anapofika bohari, hafanyi hivyo kwa kumshuku mtu fulani. Asipofika, hajaitimiza kazi yake mwenyewe.

Sasa tutazame anafanya nini.

Watu wengi hudhani mkaguzi huja kuhesabu. La. Wanaohesabu ni watu wa kampuni. Mkaguzi hutazama namna wanavyohesabu, kisha hujaribu yeye mwenyewe vitu vichache alivyovichagua. Kazi yake huanza kabla ya siku yenyewe, kwa kusoma maagizo waliyopewa wahesabuji. Ataka kujua ni nani atakayehesabu. Hapendi mtunza bohari ahesabu peke yake mali anayoitunza. Hutaka watu wawili wawili, mmoja akiwa wa idara nyingine, huyu akihesabu na yule akiandika. Karatasi za kuhesabia ziwe na nambari zinazofuatana, ili mwisho wa siku ijulikane kama zote zimerudi, hata zile zilizoharibika. Tena katika karatasi hizo kisiandikwe kiasi kilichomo daftarini. Hili ni dogo lakini lina maana kubwa. Mtu akikwisha kuona kwamba daftari lasema mifuko 960, macho yake yataona 960, hasa jua likiwa kali na saa ya chakula imekaribia. Akiwa hajui daftari lasemaje, hana budi kuhesabu.

Siku ya kuhesabu, bohari hufungwa, mali isiingie wala isitoke. Kama haiwezekani, kama hospitalini, kila kitokacho huandikwa kando. Jambo la kwanza ambalo mkaguzi mwenye akili hufanya ni kuandika nambari ya hati ya mwisho ya kupokelea mali na nambari ya hati ya mwisho ya kutolea. Makarani wapya hawaoni sababu yake, nami nataka nikae hapa kidogo, maana ugomvi mwingi baina ya bohari na ofisi ya hesabu hutoka hapa. Tuseme lori limeshusha mali jioni ya tarehe 30 Juni, na mali ikahesabiwa usiku ule, lakini ankara yake ikaingizwa daftarini tarehe 2 Julai. Mali imeonekana, deni halikuonekana. Kampuni imejiongezea faida bila kufanya biashara. Au kinyume: ankara imekwisha kuandikwa, na mali ingali njiani. Hapo bohari itaonekana ina upungufu, na lawama itamwangukia mtunza bohari, ambaye hajauona hata mfuko mmoja. Ile nambari ya hati ya mwisho ndiyo mpaka. Vya nyuma yake vyote viwemo, vya mbele yake vyote viwe nje.

Kisha mkaguzi hujaribu kwa njia mbili, naye asiyefanya zote mbili hakufanya kitu. Huchagua vitu katika orodha akaenda kuvitafuta sakafuni. Kwa njia hiyo hujua kwamba kilichoandikwa kipo. Halafu husimama mahali popote bohari, akaonyesha kidole kitu chochote, akauliza, "Hiki kimeandikwa wapi?" Kwa njia hiyo hujua kwamba kilichopo kimeandikwa. Mtu anayetaka kuonyesha faida ya uongo huandika visivyokuwapo. Mtu anayetaka kuiba huacha kuandika vilivyopo, ili avichukue baadaye bila daftari kulia. Njia ya kwanza humnasa yule, ya pili humnasa huyu.

Mlundo wa mifuko una mafumbo yake. Chukua mifuko ya saruji iliyopangwa 12 kwa urefu, 8 kwa upana na 10 kwa kimo. Karani husimama mbele, akazidisha, akaandika 960. Lakini mtu aweza kuacha katikati shimo la mifuko 4 kwa 3, lenye kimo cha safu 9, akatandika mbao juu yake, na safu ya kumi ikafunika yote. Nje mlundo ni ule ule, na ndani mna upungufu wa mifuko 108, yaani kilo 5,400 za saruji. Kwa hiyo mkaguzi hupanda juu, hukanyaga katikati, na pengine huamuru mifuko ishushwe. Vibarua hunung'unika. Makasha nayo hutikiswa na mengine kufunguliwa, maana kasha lililofungwa vizuri kwa misumari halisemi kwamba lina bidhaa au mawe. Mifuko michache hupimwa kwa mizani, na mizani yenyewe hujaribiwa kwanza kwa uzito unaojulikana. Nafaka iliyomwagwa sakafuni hupimwa kimo na mzingo wa chungu yake, kisha ikafanyiwa hesabu ile tuliyoifunza darasani na kudhani hatutaihitaji tena. Kinachokwisha kuhesabiwa hutiwa alama ya chaki, kisihesabiwe mara mbili. Na mkaguzi huandika pia kilichooza, kilicholoa, dawa iliyopita muda wake. Maana kitu chaweza kuwapo na kisiwe na thamani.

Vitu vya majimaji vina hila kuliko vyote. Mwaka wa 1963, huko Bayonne katika jimbo la New Jersey, kampuni ya Allied Crude Vegetable Oil ya bwana mmoja aitwaye Tino De Angelis ilikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya soya. Tawi moja la American Express liliyasimamia na kutoa stakabadhi za ghala, na kwa stakabadhi hizo De Angelis alikopa fedha nyingi. Matangi mengi yalikuwa na maji, na mafuta kidogo yakielea juu. Anayechungulia kwa juu aliona mafuta. Tena yalikuwako mabomba ya kuhamishia mafuta kutoka tangi hadi tangi, hata mafuta yale yale yaweze kuhesabiwa zaidi ya mara moja. Mwezi wa Novemba mwaka huo kampuni ilianguka, na hasara iliyowapata wakopeshaji ilikadiriwa kuwa yapata dola milioni 150 au zaidi. De Angelis alihukumiwa kifungo. Tangu hapo mkaguzi wa matangi hachunguli; huchota kutoka juu, kati na chini, na matangi yote yanayoungana huyataka yapimwe kwa pamoja. Wanaouza petroli wanaijua ile dawa inayopakwa kwenye ncha ya ufito wa kupimia, ambayo hubadili rangi ikikuta maji chini ya tangi. Kazi yake ni hiyo hiyo.

Kampuni yenye matawi mengi hutaka hadhari nyingine. Maduka ya Phar-Mor, ya huko Ohio, yalikuwa zaidi ya 300. Wakaguzi walikwenda kutazama kuhesabiwa kwa mali katika maduka machache tu, tena waliwaambia mapema wakubwa wa kampuni ni maduka gani. Bila shaka maduka hayo yalikutwa safi kabisa, na uongo ukaandikwa katika mengine, hata ulipofichuka mwaka wa 1992. Mkaguzi akikuambia wiki tatu kabla ni tawi gani atakalokwenda, ujue hajasoma habari hii. Na matawi yaliyo karibu yahesabiwe siku moja, la sivyo lori moja la usiku latosha kuyatajirisha yote mawili.

Juu ya mali iliyo mikononi mwa mtu mwingine nitasema maneno machache. Nchini Tanzania kuna Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005, na Kenya imetunga yake mwaka 2019. Mkulima huweka korosho au mazao mengine ghalani, akapewa stakabadhi, nayo stakabadhi yaweza kutumika kuombea mkopo. Ni mpango mzuri, lakini mtaona kwamba ni karatasi ile ile ya Kanada na ya Bayonne: thamani yake yote imo katika uaminifu wa mwenye ghala. Mkaguzi humwandikia mwenye ghala moja kwa moja, naye amjibu moja kwa moja, jibu lisipitie kwa mwenye mali. Na kiasi kikiwa kikubwa huenda mwenyewe. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka wa 2020, wakaguzi wengine walilazimika kutazama mali kwa njia ya picha za video za simu. Kwa hitaji la siku zile sina la kusema, ila anayeshika simu ndiye anayechagua lipi lionekane.

Kuhesabu kukiisha kazi haijaisha. Mkaguzi hubaki na nakala ya karatasi, au walau nambari zake na hesabu alizozijaribu, kisha baada ya wiki kadhaa, orodha ya mwisho iliyopigwa taipu ikiletwa, hulinganisha. Hapo ndipo penye hatari. Mali imehesabiwa kwa haki sakafuni, na katika chumba cha juu mtu ameongeza sifuri moja. Mtunza bohari aliyehesabu kwa jasho hatajua, na asipokuwapo mwenye nakala, hataweza kujitetea.

Nimefika katika jambo lililonifanya nichague habari hii. Katika mashauri yote niliyoyataja, hapana hata moja ambalo asili yake ni mtunza bohari. Walioandika ni meneja, mkuu wa kampuni, mwenye kiwanda, mabwana wenye ofisi zenye zulia. Lakini mali ikionekana pungufu, mtu wa kwanza kuulizwa ni yule mwenye funguo. Akitaka kujitetea baada ya miaka miwili, ana nini mkononi? Daftari ambalo wengine nao huliandika. Siku ya kuhesabu mbele ya mkaguzi ndiyo siku pekee katika mwaka ambapo mtu asiye wa bohari wala wa ofisi ya hesabu husimama na kushuhudia kwamba, tarehe hii, saa hii, vitu hivi vilikuwapo mikononi mwa huyu.

Kwa hiyo nawaombeni, ninyi mlio na funguo, msiipokee siku hiyo kwa kununa. Zipangeni bidhaa zenu mapema, za aina moja mahali pamoja, na mali ya watu wengine iliyowekwa tu ikae mbali na iandikwe ni ya nani. Vilivyovunjika visifichwe nyuma. Ikionekana tofauti baina ya hesabu na kadi, msikubali irekebishwe kwa kufuta kadi kimyakimya ili ilingane. Takeni ihesabiwe mara ya pili pale pale, mkaguzi akiwapo, na maelezo yenu yaandikwe yakingali mapya. Na hapo ambapo mtunza bohari anahamishwa na mwingine anapokea, hesabu ifanywe na wote wawili kabla funguo hazijatoka mkono hata mkono. Mara nyingi mpokeaji huona haya kumhesabia mkubwa wake, akatia sahihi kwa heshima. Baada ya mwezi mmoja upungufu wa miaka mitano huwa ni wake.

Kila karatasi ya kuhesabia iwe na sahihi za waliohesabu na ya mkaguzi aliyejaribu, kwa wino. Ombeni nakala. Hakuna mkaguzi mstaarabu atakayewanyima, na akisema kwamba nakala ni za ofisi tu, ombeni kwa barua. Mkiipata, msiiweke katika faili la bohari, ambalo mtaliacha siku ya uhamisho. Iwekeni nyumbani, pamoja na barua yenu ya kuajiriwa.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Kama wako wenye maswali, niko tayari.